Ubeti Uliopikwa Nyumbani

Kitongoji cha Palma Sola,
Corozal, Puerto Rico.
11 Desemba 1997

Mpendwa Kaka Abimael,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mlimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Migdalia na watoto, na kwamba baridi ya Chicago haijawang'oa masikio. Mgongo unaendeleaje? Migdalia alisema kiwandani wamekuhamishia kwenye kazi ya kukaa. Basi kaa, usijifanye kijana. Na Joel je, jino la mbele limeota, au bado anacheka na pengo lake?

Sisi hatujambo kwa kadiri tunavyoweza kusema hatujambo. Mimi nina presha yangu ile ile na mdomo wangu ule ule. Baba ni mzima wa mwili, anakula, anatembea mpaka barabarani na kurudi, anagombana na kuku wa jirani kana kwamba wanamwelewa. Carmín amekonda. Mumewe, ndugu yetu Telo, nitamfikia. Nisipotanguliza haya mengine, mkono utagoma kuandika.

Kahawa mwaka huu imezaa mpaka matawi yanalala, ila wachumaji hakuna, vijana wote wamekufuata wewe huko kwenye theluji. Nusu inaanguka chini na kuoza. Umeme unakatika kila mvua ikinyesha, na mvua inanyesha kila siku. Tumeanza kusaga ndizi mbichi za pasteles, vile vifurushi vya Krismasi vya kuchemshwa kwenye majani ya mgomba, mimi na Carmín, kimya kimya, kama watu wanaopika matangani.

Waimbaji wa Krismasi nao wameanza kupita nyumba kwa nyumba na magita yao. Unakumbuka zamani, walikuwa wakifika kwetu hawaondoki mpaka supu imalizike. Sasa wakikaribia lango letu wanashusha sauti, wanapita, wanaanza tena kuimba wakishavuka kona. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Nilisimama dirishani juzi nikawaona wakipita na vichwa vimeinama.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu iko sebuleni na kiti cha Baba kiko chini yake. Haya nitakayokueleza yeye hataki yatoke nje ya lango. Nimeyanyamazia, na kunyamaza kumenishinda.

Siku ile ya Sikukuu ya Kushukuru, mwezi uliopita, ulipopiga simu, ukazungumza na Telo, akakuimbia ubeti mzima wa mistari kumi, ukapiga kelele za furaha mpaka sisi tuliokaa mbali tukakusikia. Ukasema, "Amepona, shetani huyu! Ametunga papo hapo!" Baba akacheka na wewe. Mimi nikaenda jikoni nikafungua bomba ili nisisikie. Kaka, ubeti ule Telo aliutunga miaka mingi iliyopita, kwenye mashindano ya Naranjito, baada ya wewe kuondoka. Usingeweza kuujua. Tangu wampasue kichwa mwezi wa kumi, ndugu yetu hajatunga mstari mmoja mpya. Na si mashairi tu. Hajatunga sentensi.

Usidhani amekuwa bubu, maana hilo ndilo linalowadanganya wageni. Anaongea vizuri, kwa sauti yake, bila kigugumizi. Rozari anaisali toka mwanzo mpaka mwisho. Mtoto akimwomba baraka anajibu, "Mungu akubariki." Anahesabu. Anaimba nyimbo zake zote za zamani bila kukosea. Lakini kila kinachotoka kilikuwamo tayari. Carmín akimwuliza, "Telo, kichwa kinauma?" anamtazama kwa upole na kumjibu, "Yamekwisha, labda wiki ijayo." Ndivyo alivyokuwa akiwajibu wateja kule kwenye duka la misumari na saruji. Akiamka anasema, "Karibu, bwana, upewe nini?" Jioni anasema, "Tumefunga." Wiki ya kwanza tulicheka, na yeye alicheka pamoja nasi. Wiki ya pili hakuna aliyecheka. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani, anafungua kinywa, anakifunga, anafungua, anakifunga, machozi yanamtoka, halafu akasema kwa adabu kabisa, "Kitu kingine, bwana?"

Nilikimbilia uani, kaka, nikalia na aproni usoni.

Sasa nikueleze jambo lenyewe lilivyokuwa, kwa sababu wewe ulipewa habari nusu.

Daktari wa kichwa kule San Juan ni mwanamke, Daktari Arbona, mtu wa Ponce, mwembamba, anasema polepole. Kabla ya kumpasua alituita ofisini, mimi, Baba, Carmín na Telo. Akatuonyesha picha. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, mbele, nyuma kidogo ya kipaji cha uso, na ndio uliokuwa ukimletea kifafa. Akasema ubongo una gamba juu yake. Gamba lenyewe ni jembamba, halizidi sarafu mbili zilizolaliana, ila limekunjwakunjwa ili lienee ndani ya fuvu, na ndani ya wembamba huo mna tabaka sita. Mahali pa kuonea, tabaka linalopokea habari ni nene. Mahali pa kusogezea mkono na mguu, tabaka hilo karibu halipo, badala yake mna seli kubwa za kutuma amri mbali. "Mahali palivyojengwa ndivyo panavyofanya kazi," alituambia. "Ni kama nyumba. Ukiona dohani, unajua hapo ni jikoni."

Baba akamdakia, "Na mahali pa kutungia mashairi, daktari, pana dohani gani?"

Daktari akacheka, akakiri kwamba hapo ndipo vitabu vyake vinapokomea. Vitabu vitakuonyesha mtaa wa maneno, lakini nyumba hasa havikuonyeshi, maana kila kichwa kimepanga vyumba vyake kivyake. Mtu aliyeishi kwa maneno tangu utotoni, kama Telo, huenda ana vyumba ambavyo sisi wengine hatuna. Kwa hiyo lazima aulizwe mwenyewe, akiwa macho, fuvu likiwa wazi. Daktari anagusa gamba kwa uzi wa umeme mdogo, na pale anapogusa panalala kwa muda. Mgonjwa akinyamaza, hapo panabandikwa kikaratasi chenye nambari na kisu hakifiki. Mgonjwa akiendelea kusema, hapo panakatika.

Wengine huonyeshwa picha wakazitaja: paka, ufunguo, kiatu. Telo akasema, "Mimi sili kwa paka na ufunguo, daktari. Nipe kazi yangu." Wakati huo alikuwa bado Telo wetu. Basi wakakubaliana apewe kituo pale pale kitandani, yaani atajiwe mstari wa kumi naye atunge tisa ya kuutangulia, kama jukwaani. Na daktari, kwa heshima yake, akamwomba Baba achague huo mstari, kwa kuwa aliambiwa kwamba yeye, Don Monse, amekuwa mwamuzi wa mashindano ya milimani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Baba akauandika kwenye kikaratasi, akakikunja, akampa daktari. Niliona uso wake ukimeremeta kwa fahari. Nami nilifurahi, nikajua hilo liko kwenye mikono salama kuliko yote.

Ilikuwa hivi, walivyotusimulia wauguzi. Telo amelazwa ubavu, kichwa kimebanwa, macho wazi. Daktari anagusa hapa, Telo ananyamaza, wanabandika. Anagusa pale, Telo anakwama, wanabandika. Kisha wakamtajia kituo, na akaimba mistari yote kumi bila kupumzika, huku umeme unapita kwenye gamba lake. Wauguzi walikariri ile minne ya mwisho, wakawa wanaiimba koridoni:

Wembe na uje na meno,
kichwa wamekipasua,
ulimi wangu wajua,
na bado nina maneno.

Utamlaumu nani kwa kuamini? Ubeti unataja wembe na kichwa, unadhani umezaliwa dakika ile ile. Wanafunzi wa udaktari walipiga makofi. Daktari akaandika kwamba mahali pale hapana kazi ya maneno, akakata. Alitoa sehemu kubwa ya uvimbe. Kisha kifafa kikamshika Telo mezani na ikabidi wafunge. Kilichobaki, alisema, ni kipande kama punje ya mbaazi, kimekaa pale pale palipo salama, na atakimalizia Januari baada ya Sikukuu ya Wafalme Watatu, tarehe sita. Alipoona Telo anavyoongea siku zile za mwanzo, akasema ni uvimbe wa kidonda, tungoje, utashuka. Tukangoja.

Wiki iliyopita nilikwenda kupindua kahawa kwenye sakafu ya kuanikia, nyuma ya nyumba. Kabla sijakata kona nikasikia sauti ya Baba inasema mstari, na sauti ya Telo inaurudia. Baba anasema wa pili, Telo anarudia. Wanarudi mwanzo. Baba anamlisha maneno kijiko kwa kijiko kama mtoto mchanga. Yalikuwa maneno mapya, sijawahi kuyasikia, yanataja Januari na kitanda cha hospitali. Nikatokeza na reki mkononi.

Nikamwuliza, "Baba, mnafanya nini?"

"Tunafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Kituo si anakabidhiwa daktari peke yake?"

Telo ndiye aliyejibu, kwa tabasamu, "Karibu, bwana, upewe nini?"

Basi nikaelewa yote kwa mkupuo mmoja. Ubeti ule wa wembe haukutungwa mezani, Abimael. Ulipikwa nyumbani. Baba aliuandaa na Telo hapo hapo kwenye sakafu ya kahawa, siku chache kabla ya kwenda San Juan, Telo akaukariri mpaka ukawa kama rozari. Na maneno yaliyokaririwa hayapiti njia ya maneno mapya. Hilo nilikuwa nimelijua wiki zote hizi kwa kumtazama Telo, ila sikuwa nimejua nalijua. Daktari alikilaza chumba cha kutungia, na Telo akaendelea kuimba kwa sababu hakuwa anatunga. Akakikata akidhani ni ukuta mtupu.

Wewe unamjua Baba. Unakumbuka alivyomfukuza yule bwana wa Naranjito mbele ya halaiki kwa kugundua kwamba alinong'onezewa kituo kabla ya kupanda jukwaani. Mtu yule hakuimba tena maisha yake yote. Na sasa mwamuzi yule yule! Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Aliponyanyuka nilidhani atanipiga, pamoja na umri wangu huu.

"Wewe hukuwapo Morovis," aliniambia. "Hukumwona mwaka huu kwenye sikukuu ya mtakatifu, amesimama katikati ya ubeti, maneno yamemkimbia, na watu wanacheka. Walicheka, Nereida! Mpaka alipoanguka na kutoa povu ndipo waliponyamaza. Ningemwacha achekwe tena na wanafunzi wa udaktari, kichwa chake kikiwa wazi kama boga?"

"Hao hawakuwa wamekuja kucheka, Baba. Walikuwa wanauliza njia."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na mficha maradhi je? Tumwambie daktari leo."

"Ukimwambia, usiniite Baba."

Kisha akaketi juu ya gunia na kuniomba. Baba, Abimael, ananiomba mimi! Akasema Telo atarudi mwenyewe uvimbe ukishuka, akasema watu wa mlima mzima watajua, jina la familia litatemewa mate kwenye kila baa mpaka Orocovis. Nilimhurumia. Nilikaa na huruma hiyo siku mbili, na zile siku mbili nilikuwa nikimtazama Telo anavyokunywa kahawa, nikiona punje ile ya mbaazi kichwani mwake kana kwamba fuvu ni kioo, na kisu cha Januari kinakuja, kinakuja, kikiwa na ramani ya uongo mkononi.

Juzi ilikuwa miadi ya hospitali. Tulikwenda sote, Baba mbele, mimi na Carmín nyuma na Telo katikati yetu. Njia nzima Telo alihesabu magari.

Daktari alipoanza kupanga tarehe, nikasema. Sikuchagua maneno. "Daktari, ubeti ule ulipikwa nyumbani. Aliufundishwa. Alikuwa anaukariri."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akamgeukia Baba, na Baba akatazama kofia yake magotini. Haukuhitajika ushahidi mwingine.

Hakufoka, na heri angefoka. Alitoa picha iliyopigwa siku ile, gamba la Telo lenyewe, la waridi, lenye mishipa kama mito kwenye ramani, na vile vikaratasi vyenye nambari. Akaweka kidole mahali pasipo na kikaratasi. "Hapa," alisema. "Niligusa hapa naye akaimba." Akaitazama kwa muda, akaigeuza kifudifudi mezani. Nadhani naye alikuwa na hofu, kaka. Mikono yake ilikuwa imetulia sana.

Nikamwuliza kama anaweza kumpima upya, kwa kituo ambacho hakuna anayekijua. Akasema hawezi. "Nikigusa nitanyamazisha nini, Doña Nereida? Hapo tayari pako kimya. Siwezi kusikia ukimya ndani ya ukimya."

Kisha akatueleza yaliyobaki, na haya uyasome taratibu kwa sababu ndiyo niliyokuandikia. Ile punje ya mbaazi imekaa kwenye mabaki ya chumba cha kutungia. Akiikata, uvimbe utachelewa sana kurudi, Telo atapata miaka, huenda mingi. Lakini pale hapatabaki kitu. Ataishi na rozari, na duka, na nyimbo za zamani, basi, mpaka mwisho. Asipoikata, kidonda kikitulia huenda maneno machache yakarudi, huenda, hakuahidi. Ila uvimbe utarudi kwa hakika. Hadhani Telo ataiona kahawa ya mwakani ikiiva.

Carmín alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Daktari akavuta kiti, akakaa mbele ya Telo, magoti kwa magoti, akamweleza yale yale kwa maneno mafupi. Akamwuliza kwa jina lake kamili, "Eleuterio, nikate au niache? Kichwa ni chako."

Telo alimsikiliza. Nakuapia alisikia na alielewa, macho yake yalikuwa macho ya zamani. Akafungua kinywa. Akasema, "Yamekwisha, labda wiki ijayo." Akatikisa kichwa kwa hasira, kama anayekataa kitu alichotemewa mdomoni na mtu mwingine. Akajaribu tena. "Tumefunga," akasema. Akajipiga paja.

Hapo Baba akavunjika. Hujawahi kumwona Baba akilia, hata tulipomzika Mama hakulia. Alilia kama ng'ombe. "Kata, daktari," alisema. "Kata. Bora nibaki na nusu ya mwanangu kuliko kubaki na kaburi."

Na Telo akamgeukia. Akamwondoa Baba vidole kwenye mkono wake, kimoja kimoja, polepole, kwa maana Baba alikuwa amemng'ang'ania. Akaimba, kwa sauti ya chini, bila gita, mbele ya daktari:

Baba, usilie mno,
niache niende zangu
sauti ingali yangu,
usinishike mkono.

Mistari hiyo unaijua, Abimael. Ni yako. Ni mwisho wa ubeti uliouimba uani kwetu siku ya kukuaga, mlipopewa mada ya kushindana, wewe ukapewa kuondoka na Telo akapewa kubaki, na jirani akawatupia kituo cha "usinishike mkono". Telo alikuwa na ubeti wake wa upande wa kubaki, nao una kituo kile kile. Ungemtoka huo, ningesema ni kinywa tu kimeteleza kwenye njia yake ya kawaida. Lakini hakuuimba wake. Wala hajawahi kuimba ubeti wako hata siku moja. Kwetu mtu haweki mdomoni ubeti wa mwenzake aliye hai, na Telo alikuwa mkali wa hilo kuliko Baba.

Na kuna zaidi. Siku ile wewe ulimwimbia Mama. Mama ndiye aliyekuwa akilia, amesimama mlangoni na kitambaa. Uliimba "Mama, usilie mno." Ndivyo ninavyokumbuka, na Carmín hakuwapo, na Baba anasema hakumbuki.

Telo amesema "Baba".

Njia nzima ya kurudi Baba alikuwa akisema ni ulimi tu umekosea, mgonjwa huchanganya majina, mbona juzi alimwita kuku kwa jina langu mimi Nereida. Huenda ni kweli. Daktari anataka jibu letu kabla ya Krismasi. Carmín anasema amechoka, atafuata tutakalokubaliana sisi wenye damu. Baba anasema kata. Mimi sijasema.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kaka, mkubwa wetu, mwenye ubeti. Kumbuka vizuri, funga mlango ukumbuke. Je, siku ile au siku nyingine yoyote, mkiwa peke yenu, mkifanya mazoezi, mkilewa, uliwahi kuuimba kwa "Baba"? Telo aliwahi kuusikia hivyo kutoka kwako? Kama uliwahi, basi hata hilo alilikariri, hajatujibu, na nitakwenda na Baba kutia sahihi akatwe. Kama hukuwahi, basi katika mistari ile yote ya kuazima kuna neno moja ambalo hakupewa na mtu, alilitunga yeye, kwa kile kidogo kilichobaki, na ametwambia anachotaka: asikatwe, tumwache aende. Nami nitasimama mbele ya Baba nimzuie.

Naliogopa jibu lako lolote litakalokuwa. Lakini nakusihi, usinipe jibu la kunihurumia. Huruma ya namna hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa, na imeshakula nusu ya kichwa cha ndugu yako. Nipe lililo kweli, hata kama ni kumzika.

Msalimie sana wifi Migdalia, mwambie sufu aliyotuma imefika na haina kazi huku ila nimeipenda. Wabusu Joel na Yaritza, na Mungu awabariki wakilala na wakiamka. Carmín anakusalimu. Baba angekusalimu, ila hajui kwamba nimekuandikia. Telo yuko barazani, naandika namwona kupitia dirisha, anatazama barabara.

Bikira wa mlima na akufunike kwa shela yake, wewe na wote wa nyumba yako, na ailinde kumbukumbu yako wiki hii kuliko kitu chochote.

Ni mimi dada yako nikupendaye na ninayekungoja,

Nereida